Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinisimamisha mlangoni. "Pasta, nisaidie. Huyu kijana wangu nimnunulie nini Krismasi hii? Ana miaka 11. Mpira anao, baiskeli anayo, viatu jozi nne, tableti ya babake ameshaifanya yake. Nikimuuliza anataka nini, ananiambia 'chochote tu, mum.'" Tulicheka pamoja. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, kwa sababu mimi pia nina binti wa miaka 12, na Desemba iliyopita nilichukua mkopo wa simu nikamnunulia saa ya kisasa, ile inayohesabu hatua. Mkopo niliulipa hadi Machi. Saa ilishaingia kwenye droo Februari. Ninakiri mbele yako, maana mwezi huo huo nilikuwa nimesimama mimbarini nikihubiri juu ya madeni, na wengine wenu mlisema amina.

Kwa hivyo leo nataka turudi nyuma kidogo, tuone hii desturi ilitufikaje hapa Eastlands.

Wengi hudhani zawadi za watoto zimetoka moja kwa moja kwa mamajusi. Soma Mathayo 2 polepole. Walileta dhahabu, uvumba na manemane, na hakuna hata kimoja ambacho mtoto angechezea. Usiku huo huo ambao Yusufu alionywa, familia ile ilianza safari ya kwenda Misri. Watumishi wengi wamefundisha kwamba dhahabu ile ndiyo iliyokuwa nauli, nami naona ni jambo la busara, ingawa Biblia haikusema.

Sikukuu yenyewe ya Desemba 25 tunaipata kwenye kumbukumbu za Roma za mwaka wa 336. Karne hiyo hiyo alikuwepo askofu Nicholas wa Myra, mahali ambapo leo ni Uturuki. Sisi Wapentekoste hatuna desturi ya kuwaadhimisha watakatifu, lakini hadithi yake isikilize: inasemekana baba mmoja maskini alikuwa na mabinti watatu asiweze kuwaoza, na Nicholas akamtupia dhahabu usiku, bila kujulikana. Angalia dhahabu ilikwenda wapi. Ilikwenda nyumba ya jirani aliyepungukiwa.

Karne nyingi zilipita, na Krismasi ikawa kwa watu wengi ni ulevi na kelele barabarani. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka wa 1647, na kule Massachusetts, mwaka wa 1659, aliyekamatwa akisherehekea alitozwa faini ya shilingi 5. (Ndiyo, shilingi. Na waliopitisha sheria hiyo walikuwa watu waliookoka.) Krismasi ya kumrundikia mtoto zawadi sebuleni ilipata nguvu katika karne ya 19, hasa New York, baada ya shairi moja la mwaka wa 1823 kuwapa watu picha ya Mtakatifu Nicholas akija usiku na kigari chake. Wenye maduka hawakuchelewa. Kwa hivyo mzigo tunaojitwika kila Desemba, kana kwamba uliamriwa Sinai, una miaka kama 200 hivi.

Sasa njoo mtaani.

Serikali ya kikoloni haikutaka familia ya Mwafrika iishi Nairobi. Ilitaka mikono yake tu. Ndiyo maana vyumba vingi vya zamani hapa kwetu, kuanzia vya reli kule Muthurwa hadi Shauri Moyo na Ziwani, vilikuwa vidogo, vya mwanamume na kitanda chake. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa tofauti kidogo kwa kuwa ilikusudiwa familia. Mke na watoto wa wengi walibaki mashambani. Zawadi ya Krismasi basi ilikuwa na barabara yake: ilitoka mjini ikipanda basi au gari moshi ikielekea nyumbani. Blanketi, sukari, majani ya chai, na mkate. Mtoto alikaa kando ya njia akiangalia kila basi linalosimama, na hakuwa akingoja mkate peke yake.

Mwaka wa 1954, Aprili 24, jeshi lilizingira mitaa hii katika Operesheni Anvil. Maelfu ya wanaume walipakiwa kwenye malori, wakachujwa Lang'ata, na wengi wakaishia Manyani na Mackinnon Road. Krismasi ya mwaka huo kuna nyumba ambazo basi lilipita tu. Kama una shosho au babu aliyevuka miaka 80, usingoje mazishi yake ndipo usomewe historia hiyo kwenye tanzia. Mpelekee mtoto wako amuulize.

Baada ya uhuru familia zilikuja mjini kwa nguvu. Miaka ya 1970 ikatuletea Buru Buru na Umoja, na Dandora ya viwanja vilivyofadhiliwa na Benki ya Dunia. Sisi tuliozaliwa karibu na 1980 tunaikumbuka Krismasi kwa kitu kimoja: nguo mpya. Moja. Mzazi alinunua kitambaa kilichofumwa hapa nchini, labda Rivatex ya Eldoret au KICOMI ya Kisumu, na fundi akaambiwa aache nafasi ya kukua. Ulivaa suruali ikifagia barabara, na mwaka wa tatu ikawa inaogopa vifundo vya miguu. Vitu vya kuchezea hakuna aliyenunuliwa. Tulikunja waya tukapata gari, tukafunga makaratasi ya nailoni kwa kamba tukapata mpira. (Leo mtoto akitaka mpira ule hatapata malighafi, mifuko ile ilipigwa marufuku Agosti 2017.) Tulicheza bano, kati na brikicho mpaka tukaitwa kwa majina yote matatu.

Kisha ikaja miaka ya 1990, soko likafunguliwa. Mitumba ikafurika Gikomba. Kule Eastleigh, nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge ikageuka kuwa maduka, na bidhaa za ng'ambo zikashuka bei. Viwanda vya nguo vikalemewa. Mama ambaye alikuwa akishona gauni moja kwa mwaka akaweza kununua tano kwa mwezi. Sisemi lilikuwa jambo baya; mitumba imesomesha nusu ya kanisa letu. Lakini hapo ndipo nguo mpya ilipoacha kumshangaza mtoto, na tangu hapo wazazi tunakimbizana kutafuta kitu kingine cha kumshangaza. Tumefika kwenye saa za kuhesabu hatua.

Niruhusu nikupeleke Shilo, kwenye 1 Samweli 2:19. Hana alimtoa mwanawe akae na kuhani Eli, na kila mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimpelekea Samweli kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anasema Samweli alikuwa na miaka 12 Bwana alipomwita usiku ule. Yaani kijana wa Gredi ya 6 au ya 7. Na hekaluni hakukosa kitu. Alikuwa na chakula, alikuwa na pa kulala, mavazi ya naivera ya kitani alikuwa nayo.

Nimesoma mstari huo miaka mingi, na swali la fundi halikuwahi kunijia: Hana alijuaje vipimo? Alimwona mara moja kwa mwaka. Huko Rama alishona kwa kukisia. Lazima alisimama mbele ya watoto wa majirani wa umri ule, akaangalia mabega yao, akajiuliza, "Wangu sasa amefika wapi?" Miezi 12 alikuwa akimpima kichwani.

Najua si kila anayesoma hapa ana shida ya mtoto mwenye vingi. Kuna wa Kiambiu na Mukuru ambao hesabu yao ni karo ya Januari na sare za sekondari msingi. Wewe mwenye vingi, dhahabu ya Nicholas ilijua mlango huo. Mpe mwanao bahasha, mwache aibebe mwenyewe usiku, asiseme imetoka wapi. Watoto wa umri huo wanapenda siri kuliko tunavyodhani.

Mwaka huu kwetu hakuna mkopo. Nilimpigia fundi wetu wa mtaani, nikamwambia amshonee binti yangu gauni la Krismasi, na nikampa vipimo kwa simu, kwa kujiamini kabisa. Fundi akasema, "Pasta, mlete tu." Jumamosi tukaenda. Akatandaza futi yake begani mwa mtoto, akaishusha hadi chini ya goti, akaandika, kisha akanigeukia.

Nilikuwa nimekosea kwa inchi nne.