Zimwi, Tunda la Pichi na Sauti ya Msimulizi

Mwaka 1918 Seitarō Kitayama alitengeneza katuni ya Urashima Tarō, mvuvi aliyebebwa na kasa hadi kasri la chini ya bahari. Filamu za siku hizo zilikuwa bubu, ila ukumbi haukuwa kimya. Kando ya pazia alisimama benshi, msimulizi wa kulipwa, akiwasemea wahusika wote. Ngano za Japani zilipohamia kwenye katuni, zilikwenda na msimulizi wake.

Miaka ya 1930 filamu zilianza kutoka na sauti zake zenyewe, na mabenshi wakakosa kazi. Kilichofuata kinaonekana vizuri kwa Momotarō, mtoto aliyetoka ndani ya tunda la pichi, akaenda kupigana na mazimwi kisiwani pamoja na mbwa, nyani na ndege wa porini, akiwalipa kwa matonge ya mtama. Wakati wa vita jeshi la majini la Japani lilimfanya kamanda katika katuni. Mwaka 1943 mwongozaji Mitsuyo Seo alimtuma kushambulia kisiwa cha mazimwi ambacho ni Pearl Harbor waziwazi. Aprili 1945 ikatoka *Momotarō: Umi no Shinpei*, dakika 74, katuni ndefu ya kwanza ya Japani. Mazimwi humo ni Waingereza wenye pembe. Kwangu mimi kinachotisha zaidi si vita: ni wanyama wa kisiwa cha kusini wakifundishwa herufi za Kijapani kwa wimbo mtamu kabisa. Uchoraji wake ni wa hali ya juu, na hapo ndipo penye hatari. Osamu Tezuka, aliyekuja kuwa gwiji wa katuni, aliiona filamu hiyo mjini Osaka akiwa kijana, ikamgusa mno.

Msimulizi alirudi mwaka 1975, kupitia televisheni. Kipindi cha ngano *Manga Nippon Mukashibanashi* kilionyesha hadithi mbili kwa nusu saa, na sauti zote, za bibi, mbweha, mtawa na zimwi, zilitoka kwa watu wawili tu: Etsuko Ichihara na Fujio Tokita. Michoro ilibadilika kila hadithi, kwa kuwa kila moja ilikuwa na wachoraji wake. Moja ina mistari minene ya wino, nyingine rangi za maji. Sauti ndizo zilizoiunganisha kazi yote, hadi hadithi zikapita 1,400.

Mwongozaji Isao Takahata naye, katika filamu ya ngano ya Binti Kaguya ya 2013, alirekodi sauti kabla ya kuchora. Ndiyo maana Takeo Chii, sauti ya mzee mkata mianzi, anasikika humo ingawa alifariki 2012. Kaguya anapotoroka karamu, akivua mavazi njiani, mistari inakwaruza kama mkaa mpaka uso wake haueleweki. Ni kazi kubwa, lakini ina dakika 137. Mtoto wa miaka mitano ningemwanzishia kwa Ichihara na Tokita.