Asili ya Wangoni na Makao Yao

Wasikilizaji wetu wa Mbamba Bay na pwani yote ya Ziwa Nyasa wamezoea kusikia kwa wazee jina la Wamagwangwara. Ndilo jina ambalo Wangoni wa Songea waliitwa na jirani zao, nalo lilitajwa kwa hofu. Leo twataka kueleza watu hao walitoka wapi, na jinsi walivyopata makao. Maana wako vijana pwani wanaojiita Wangoni, hali bibi za bibi zao walijificha mawindoni mwa Wangoni hao hao.

Asili ya safari ni kusini mwa Afrika. Yapata mwaka 1819 Shaka, mfalme wa Wazulu, aliwavunja Wandwandwe, na jamaa zao wengi wakahama. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Zwangendaba. Alikwenda kaskazini na wake, watoto na ng'ombe, akipigana njiani, hata tarehe 20 Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, akavuka mto Zambezi. Yapata mwaka 1848 akafa katika nchi ya Ufipa, na watu wake wakagawanyika. Sehemu moja, chini ya Zulu Gama, ikashika njia ya kusini mashariki, ikapita Nyasa na kufika nchi ambayo sasa ni Songea.

Huko waliwakuta Wangoni wengine, Wamaseko, waliokuja kwa njia yao wenyewe chini ya Mputa. Kwanza walikaa pamoja, kisha wakagombana. Mputa akauawa, na katika miaka ya 1860 Wamaseko wakafukuzwa, wakavuka tena Ruvuma, wakaenda kukaa upande wa magharibi wa Nyasa. Waliobaki wakafanya falme mbili: Mshope kaskazini, na Njelu kusini.

Sasa twaomba msikilizaji atulie hapa, kwa kuwa wasimulizi wengi huruka jambo hili. Waliotoka kusini walikuwa wachache. Kila nchi waliyopita walichukua mateka: Watonga, Wakalanga, Wasenga, na hatimaye watu wa Songea wenyewe. Kijana aliyetekwa aliingizwa katika kikosi cha rika lake, akapewa ngao na mkuki mfupi. Akishinda vita, yeye naye aliteka wengine, akawa bwana wa nyumba. Waliotekwa huku waliitwa sutu, nao walikuwa chini ya wageni wa asili. Lakini mama waliolea watoto walikuwa wa huku, na mtoto husema maneno ya mamaye. Ndiyo maana Kingoni cha Songea leo si Kizulu hata kidogo. Kiko karibu na Kimatengo. Walioshinda kwa mkuki walishindwa kwa ulimi.

Habari kama hizi ziko ng'ambo pia. Bara Hindi wako Warajput, ambao jina lao maana yake ni wana wa wafalme. Na wanahistoria wengi waona kwamba jina hilo lilichukuliwa na mashujaa wa asili mbalimbali, waliopata ardhi kwanza na nasaba baadaye.

Jirani walipata taabu nyingi. Septemba 1882 Wamagwangwara walifika hata Masasi, wakachoma misheni na kuchukua watu. Wamisheni wa ziwani walipotafuta mahali pa kukaa mwaka 1885 walichagua kisiwa cha Likoma, kwa sababu maji yaliwazuia Wamagwangwara. Wamatengo hawakuwa na kisiwa. Walipanda milimani, wakajificha katika mapango ya Litembo. Mlimani ardhi ilikuwa kidogo na miteremko mikali, na udongo huchukuliwa na mvua. Basi wakalima kwa ngoro: majani hukatwa na kupangwa kama miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kufunika majani hayo, na shimo linalobaki hushika maji, huku majani yakioza kuwa mbolea. Twaona kwamba hiyo ni akili kubwa kuliko ya vita, ingawa haina nyimbo nyingi. Mpaka leo apandaye kutoka Mbamba Bay kwenda nchi ya Mbinga aweza kuziona ngoro hizo mlimani.

Mwaka 1897 Wajerumani walishika Ungoni. Vita vya Maji Maji vilipofika huko mwaka 1905, watawala na manduna wengi waliingia. Mwaka 1906 Mputa Gama, mtawala wa Njelu, alinyongwa pamoja na wakuu wengine, na Chabruma wa Mshope alikimbilia nchi ya Wareno, akafa huko. Miongoni mwa walionyongwa alikuwa nduna Songea Mbano, ambaye mji wachukua jina lake. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika huko kuwakumbuka mashujaa wa Kingoni. Na Mbano, wazee husimulia, ni ukoo wa Wakalanga, watu waliochukuliwa njiani kabla Zambezi haijavukwa.