Kipimo cha damu cha kidingapopo (Unguja)

Majibu ya kipimo cha kidingapopo husomwa kwa kuhesabu siku za homa. Siku tano za mwanzo hutafutwa NS1, protini ya kirusi chenyewe. Baadaye hutafutwa kingamwili za IgM, ambazo huweza kubaki damuni miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo NS1 hasi siku ya saba haiondoi shaka. La kuangaliwa zaidi ni chembe sahani: zikishuka chini ya 100,000 kwa mikrolita huku hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikipanda, majimaji ya damu yanavuja mishipani, mara nyingi homa ikiwa imeshatulia. Mgonjwa mwenye majibu hayo asirudishwe nyumbani. Daktari James Christie alieleza mlipuko wa homa wa Unguja wa 1870 bila vipimo hivi. Baadhi ya wataalamu huona ulikuwa chikungunya, si kidingapopo.