Nzega na fidia ya pamba ya 2009

Msimu wa pamba ukifunguliwa, ugomvi wa bei huzuka upya Nzega na Igunga, mkoani Tabora. Wanaobishana leo na waukumbuke mwaka 2009, Serikali ilipoingia mfukoni kwa ajili ya pamba.

Babu zao hawakuipata bahati hiyo. Mdororo wa miaka ya 1930 ulipoangusha bei za mazao, Waingereza waliwahimiza watu walime zaidi, na kodi ikaendelea kudaiwa. Miaka ya 1950 ukaja ushirika wa wakulima wa pamba ulioongozwa na akina Paul Bomani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Miaka ya 1990 wakaingia wanunuzi binafsi.

Katikati ya 2008 wanunuzi hao walichukua mikopo benki wakanunua pamba, bei ya dunia ikiwa bado nzuri. Septemba, benki ya Lehman Brothers ikaanguka Marekani. Viwanda vya nyuzi ng'ambo vikapunguza manunuzi, na marobota yakauzwa kwa hasara. Mikopo ikashindwa kulipika, na benki zikasita kukopesha kwa msimu uliofuata. Mkulima wa Bukene, wilayani Nzega, asiyewahi kuisikia Lehman, akabaki na pamba ndani ya nyumba.

Juni 10, 2009, mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi. Hoja ya hotuba yake ilikuwa bayana: kampuni na vyama vya ushirika vifidiwe hasara, madeni yao yapangwe upya, wapate mtaji wa kurudi vijijini kununua. Mkulima naye akaongezewa shilingi 80 kwa kilo, juu ya 360 za mnunuzi, akapata 440.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanzia. Bungeni waliulizana fedha za mpango zilikwenda kwa nani. Swali hilo lilikuwa la haki: mnunuzi alifidiwa hasara ya msimu uliopita, ilhali aliyepalilia alipewa nyongeza ya kilo atakazouza tu.

Mwaka 2011 bei ilipanda hadi shilingi 1,100 kwa kilo. 2012 ikaporomoka hadi 660, na wakulima wakagoma kuuza.

Kwa kuwa bei huyumba hivyo, Serikali iweke akiba ya kufidia bei katika miaka ya neema, na malipo yafike moja kwa moja kwa mkulima kupitia chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), orodha ya malipo ikibandikwa ghalani kila mtu aisome.