Mumiani wa Kariokor: Je, kila lisemwalo lipo?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Wengi wetu huitumia methali hii kama hukumu: jambo likishasemwa na watu wengi, basi ni kweli. Leo tuipime kwa historia ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hasa Ziwani na majirani zake Kariokor na Pumwani.

Enzi za ukoloni, ulienea uvumi jijini kwamba kuna watu wanaotumwa usiku kuwakamata Waafrika na kuwanyonya damu. Waliitwa mumiani, au wazimamoto. Eti yale magari mekundu kazi yake haikuwa kuzima moto bali kubeba watu! Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa Nairobi na kwingineko kuhusu simulizi hizi, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima, *Speaking with Vampires*.

Neno mumiani lina asili ya Kiajemi. Awali lilitaja dawa nyeusi mfano wa lami. Kamusi ya Johnson ya 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inataja imani kwamba hutengenezwa kwa damu ya watu waliouawa. Na tusiwacheke wazee wetu. Huko Ulaya, kwa karne kadhaa, wagonjwa waliuziwa unga wa maiti za Misri ya kale kama dawa.

Kwa nini watu waliamini? Sio kwa ujinga. Jina Kariokor lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao. Baada ya vita kikaja kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Aliyeona serikali ikichukua watu bila kuwarudisha, angeshindwaje kuamini kwamba inachukua na damu yao? Kulikuwa na jambo, ila silo lile lililosemwa.

Hata hivyo, zipo njama zilizothibitika. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi, wakawazoa maelfu ya wakazi na kuwapeleka kizuizini. Walioteswa kambini walisimulia kwa miaka mingi, wakapuuzwa. Mwaka 2009 wazee wachache wakaenda mahakamani London. Mwaka 2011 Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni katika jengo la serikali huko Hanslope Park, zikiwemo za Kenya. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9.

Simulizi ya mumiani na ile ya kambini zote zilimshutumu mkoloni, zote zilikanushwa. Zinatofautiana wapi? Ya kambini ilikuwa na mashahidi waliosema "nilitendewa", wenye majina, mahali na makovu. Ya mumiani mara nyingi ilikuwa ya "nilisikia". Ya kambini ilitabiri kitu kinachoweza kutafutwa, yaani nyaraka, na zilipotafutwa zikapatikana. Ya mumiani ilikuwa na jibu kwa kila pingamizi: damu haionekani kwa sababu imefichwa, na kufichwa kwake ndio ushahidi. Dai lisiloweza kushindwa na ushahidi wowote haliwezi pia kuthibitishwa na wowote.

Kwa hivyo, ujumbe ukikufikia kwenye simu, uliza: Aliyesema aliona au aliambiwa? Dai likiwa la uongo, tungejuaje? Je, kuna mtu asiyenufaika nalo aliyelichunguza?

Maswali haya yana uzito. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilitiwa homoni ya kuwafanya tasa. Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha. Mama mjamzito hakuhitaji kuwaamini wakubwa wa upande wowote bila kuuliza. Angeanza na swali moja: waliochanjwa kabla yangu mtaani, wamezaa au hawakuzaa? Pepopunda huua watoto wachanga, na mama anayekataa sindano kwa kusikia tu humwachia mwanawe gharama ya uvumi.

Lisemwalo lipo, ndiyo. Kazi yetu ni kuuliza ni lipi hasa lililopo.