Bei'an: si kibali, si usajili

Mwenye shughuli katika ofisi za serikali ya China hachelewi kukutana na maneno matatu: shenpi, dengji na bei'an. Mawili ya kwanza hayasumbui. Shenpi ni kuidhinisha: afisa hupitia maombi, akakubali au akakataa. Dengji ni kusajili. Ndoa, kwa mfano, husimama kisheria pale tu wawili wanapokamilisha dengji, hata kama pilau la harusi limeshaliwa. Bei'an ndilo linalowapiga chenga wafasiri, ambao huandika mara "usajili", mara "kibali". Naona yote mawili yanapotosha. Silabi ya pili, an, zamani ilikuwa meza, baadaye ikawa pia jalada la shauri. Bei ni kuweka tayari. Kwa maana yake ya asili, anayefanya bei'an haombi ruhusa wala hapati hadhi mpya: anapeleka taarifa zake zihifadhiwe, serikali ikizihitaji izikute. Ndiyo maana napendekeza "uwekaji jaladani".

Pingamizi zito linatoka ndani ya sheria yenyewe. Kanuni za China za mwaka 2000 kuhusu huduma za habari za intaneti, katika ibara ya 4, zinataka huduma za kibiashara zipate leseni na zisizo za kibiashara zifanye bei'an. Kisha zinaongeza kwamba asiyetimiza mojawapo haruhusiwi kutoa huduma. Kama mlango haufunguki bila bei'an, si ni kibali hicho hicho kwa jina la upole? Kwa mwenye tovuti anayesubiri namba yake ya bei'an, ndivyo anavyoonja. Lakini ibara hiyohiyo imetenganisha njia mbili kwa makusudi, na mfasiri akiziita zote kibali, ibara haitakuwa na maana. Tofauti hiyo inaonekana hata chini ya kurasa za tovuti: namba ya leseni huweza kubeba herufi zheng, ya bei'an hubeba bei, zikitanguliwa na kifupisho cha mkoa au jiji, kama Jing kwa Beijing. Ukali wa utekelezaji uelezwe kwa sentensi yake. Istilahi isibebeshwe mzigo huo.

Wapo watakaosema jalada ni mambo ya makaratasi, na siku hizi taarifa zinajazwa mtandaoni. Sawa, ila Wachina wenyewe bado wanaandika kwa herufi iliyokuwa meza. Kitenzi kiwe "kuweka jaladani", na usajili tuuachie dengji.