Mabasi ya Ubelgiji na lile neno "haina kaboni"

Uzi. Mjadala wa nishati safi ukianza, lazima mmoja aseme amonia na haidrojeni zikichomwa zinatoa maji tu. Mwenzake anajibu kwamba hiyo ni ndoto, amonia haijawahi kuendesha chochote. Wote wawili wamekosea. Twende Ubelgiji kidogo, mwaka wa 1943.

Nchi iko chini ya Wajerumani, dizeli haipatikani, na watu bado wanahitaji mabasi. Wahandisi wakageukia amonia, ile ile ya kutengeneza mbolea. Ni nitrojeni na haidrojeni, kaboni hakuna. Shida ni kwamba amonia ni mvivu wa kushika moto. Mwali wake unatembea kama sentimita 7 kwa sekunde, wa haidrojeni unapita 200. Kwa injini inayozunguka mbio, hiyo haifai.

Wakafanya nini? Wakaongeza gesi ya makaa ya mawe kidogo, ambayo karibu nusu yake ni haidrojeni. Ni kama kuweka vijiti vikavu chini ya kuni mbichi. Mabasi yakatembea, na Emeric Kroch akayaandikia ripoti mwaka wa 1945. Halafu dizeli ikarudi, amonia ikawekwa kando.

Enzi hizo kilichotakiwa ni basi lifike, basi. Leo tunauliza kuhusu moshi, na hapo ndipo "maji tu" inaanguka. Nitrojeni imo ndani ya amonia yenyewe, kwa hivyo mwako unaweza kutoa oksidi za nitrojeni, zile zinazoumiza mapafu. Moto usipopata joto la kutosha, kunatoka nitrasi oksaidi. Kilo moja ya hiyo inapasha dunia joto kama kilo 270 hivi za hewa ukaa kwa miaka 100! Amonia isiyoungua nayo ni sumu. Ukiongeza haidrojeni moto unashika vizuri, lakini oksidi za nitrojeni mara nyingi zinapanda. Kuna vifaa vya kusafisha moshi huo, ila vinagharimu, na jukwaani hiyo bei sijaisikia ikitajwa.

Tena tangu kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kianze 1913, amonia nyingi duniani imetengenezwa kwa makaa ya mawe na gesi asilia. Kwa maana nyingine, kaboni imetoka kwa bomba la basi ikahamia kiwandani.

Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani 2023, na mbolea ndiyo imetangulizwa. Mimi naona hapo walipanga vizuri. 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na wakulima wengi wakapanda bila. Kwa hivyo mtu akiahidi kuchoma amonia ya mvuke wa Olkaria kwa meli na mitambo ya umeme, muulize kwanza shamba la mahindi la Trans Nzoia litabaki na tani ngapi.